Matone ya chini ya ulimi kwa mzio: misimu yangu mitatu

Nilihamia Columbus, Ohio, kutoka Tanga mwaka 2015. Miaka miwili ya mwanzo mafua ya mzio nilikuwa nayasikia kwa wenzangu tu. Mwaka wa tatu, katikati ya Agosti, macho yakaniwasha mpaka yakavimba kwa kufikicha, chafya mfululizo, pua imeziba usiku na mchana inatiririka. Yakaisha Oktoba ilipoanguka baridi ya kugandisha. Agosti iliyofuata yakarudi vilevile.

Mwenye makosa ni gugu la ambrosia. Huku linaota kando ya barabara na kwenye viwanja vitupu, na chavua yake, yaani poda ya maua yake, huchukuliwa na upepo hadi mbali sana. Daktari alinieleza kwa nini halikunigusa mapema: mwili hukutana na kitu kwanza, ndipo baadaye huanza kukipiga vita. Wahamiaji wengi yanawapata hivyo, wakiwa wameshajihesabu wamepona na ugeni.

Kilichoniuma zaidi ni ndizi. Nikila ndizi mbivu au tikiti maji, mdomo na koo vinawasha. Protini za matunda hayo zinafanana na za chavua ya ambrosia, mwili unashindwa kuzitofautisha. Setirizini, kidonge cha kutuliza mzio, ilinisaidia chafya, lakini ilinilaza, na mimi nafanya kazi usiku kwenye ghala, nikiendesha mashine ya kunyanyulia mizigo. Dawa ya kupuliza puani ilinipa nafuu zaidi, ila ukiiacha hali inarudi palepale.

Nikapimwa ngozi. Nilitakiwa kuacha setirizini wiki nzima kabla ya kipimo, na wiki hiyo sitaisahau. Wanadondosha matone kwenye mkono, wanachoma kidogo, unasubiri kama dakika 15. Ambrosia ilivimba kama nimeumwa na mbu watatu mahali pamoja. Utitiri wa vumbi, vijidudu vidogo mno vya kwenye matandiko, nao ukavimba, jambo ambalo sikulitegemea.

Daktari akanieleza tiba ya kuuzoesha mwili, yaani kuupa kidogo kidogo kile kile kinachousumbua mpaka uache kukipiga vita. Si ngeni. Leonard Noon aliwachoma wagonjwa wake London sindano za chavua ya nyasi, akaandika matokeo mwaka 1911. Sindano bado zipo na zinafanya kazi, lakini mwanzoni unakwenda kliniki kila wiki, na ukishachomwa unakaa nusu saa wakuangalie. Kwa zamu zangu haikuwezekana. Ndiyo maana nikachagua matone ya chini ya ulimi, nikaanza Februari 2023.

Tone la kwanza nilipewa palepale kliniki nikakalishwa nusu saa. Nyumbani ikawa hivi: nikiamka, kabla ya chai, natia matone chini ya ulimi, nayaacha dakika mbili, ndipo nameza. Baada ya hapo sili wala sinywi kwa muda. Kichupa kinakaa kwenye friji, si kwenye friza. Wiki tatu za mwanzo chini ya ulimi paliwasha na masikio yaliwasha kwa ndani, kisha ikapoa yenyewe. Nilipong'olewa jino niliambiwa nisimamishe mpaka kidonda kifunge. Sindano ya adrenalini, ya dharura mwili ukipatwa na mzio mkali, ninayo kwenye mkoba. Sijawahi kuitumia, na sitoki bila hiyo. Mwenye pumu isiyotulia asiguse kabisa tiba hii kabla ya kuidhibiti pumu yake.

Ramadhani ilinipa maswali, kwa sababu matone yanamezwa, kwa hiyo yanafunguza. Nilimuuliza daktari, akakubali niyahamishie usiku, saa ileile kila siku. Nikayatia kabla ya daku na hakuna kilichoharibika.

Kilichoharibika ni safari ya Tanga, Desemba 2023. Nilibeba kichupa kwenye mfuko wa barafu vizuri, kikafika salama, nikakiweka kwenye friji ya mama. Ikaja mgao wa umeme. Kichupa kikashinda kwenye joto mara kadhaa, nikaogopa kukitumia, nikakosa dozi wiki tatu na nusu. Niliporudi sikuruhusiwa kuendelea nilipoishia. Nilirudishwa kwenye kichupa chenye dawa hafifu nikapanda upya taratibu. Ukipanga safari ndefu, zungumza na daktari kabla hujakata tiketi.

Sasa pesa, na hapa nina malalamiko. Kliniki niliyoanzia haikuniambia kwamba Marekani matone haya hayajaidhinishwa na FDA, mamlaka ya dawa ya huku, kwa kutiwa chini ya ulimi. Dawa iliyomo ni ileile ya sindano, daktari anaruhusiwa kuitumia hivyo kwa uamuzi wake, lakini bima yangu ilikataa kulipa hata senti. Nalipa dola 85 kila mwezi kutoka mfukoni. Kumbe vipo vidonge vya kuyeyushia chini ya ulimi vilivyoidhinishwa: cha ambrosia, Ragwitek, tangu 2014, na cha utitiri, Odactra, tangu 2017. Ningeambiwa siku ile, ningeiuliza bima kuhusu vidonge kwanza. Kama mzio wako ni wa kitu kimoja na kidonge chake kipo, anzia hapo. Matone nayaona yanamfaa zaidi mwenye vitu kadhaa vya kuchanganywa pamoja.

Je, yamenisaidia? Agosti ya kwanza, tofauti ilikuwa ndogo, nikakaribia kuacha. Ya pili, licha ya kuanza upya, nilitumia setirizini siku chache tu. Agosti hii, ya 2025, nimefanya kazi usiku mzima milango ya ghala ikiwa wazi, macho makavu. Asubuhi naamka pua iko wazi, jambo ambalo nalihusisha na kutulia kwa mzio wa utitiri, maana hata Januari sasa nahema vizuri. Mto na godoro nimevivika vifuniko vya kuzuia utitiri, na shuka nazifua kwa maji ya moto. Sitaki kuyapa matone sifa yote.

Ndizi bado zinawasha, ila si kama zamani. Zikipikwa hazinisumbui kabisa, kwa hiyo nakula za nazi.

Februari natimiza miaka mitatu. Daktari anasema tutapima hali kisha tuamue kama niache au nifikishe mitano. Nitafikisha mitano.