Miaka 3 Katika Kliniki ya Ufuatiliaji wa Tezi ya Thairoidi

Binti yetu alichomwa sindano kisiginoni akiwa na siku 3 ili damu yake ipimwe, na majibu yalipoonyesha kwamba tezi yake ya thairoidi, iliyoko shingoni, haitengenezi homoni ya kutosha, tulielekezwa kwenye kliniki hii. Ninachokisifu zaidi ni subira ya muuguzi aliyetufundisha kusaga kidonge cha levothairoksini, dawa inayochukua nafasi ya homoni hiyo, kati ya vijiko viwili, kukichanganya na matone ya maziwa ya mama na kumpa mtoto papo hapo, badala ya kukitia katika chupa nzima ambayo huenda asiimalize. Alituonya pia tusikitoe pamoja na dawa ya madini ya chuma. Damu ilipimwa mara kwa mara, na dozi ikabadilishwa kadiri alivyokua. Kasoro ni moja, nayo si ndogo: baada ya mwaka wa kwanza hakuna aliyetukumbusha miadi, ilhali ubongo wa mtoto huitegemea mno homoni hiyo katika miaka 3 ya mwanzo, na mzazi anayemwona mwanawe amechangamka hushawishika kuacha dawa. Kwa kuwa tezi yake ipo mahali pake na miaka hiyo 3 imepita, daktari sasa anapanga kuisimamisha dawa kwa wiki chache, kisha apime damu upya aone kama tezi inaweza kutengeneza homoni ya kutosha yenyewe.