Kliniki ya bangi ya tiba: kuingia ni rahisi, kutoka utajitafutia mwenyewe

Nilihudumiwa na kliniki hii kwa miezi saba, nikiwa katika mwaka wa pili wa kupona anoreksia, ugonjwa wa akili wa kujinyima chakula. Jina lake nalihifadhi.

Katika mapokezi sina lawama. Daktari alinisikiliza bila haraka, na mafuta ya bangi yalifika yakiwa na kiasi cha THC, kemikali ya bangi inayolevya, kilichoandikwa wazi kwenye chupa, pamoja na bomba dogo la kupimia. Dawa nayo ilifanya kazi, kwani THC hushika vipokezi vya ubongo vinavyochochea njaa, nami nikaketi mbele ya sahani bila kuhesabu matonge, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa.

Hata hivyo, hakuna aliyeniuliza kama nimewahi kutegemea kitu chochote ili kutuliza hofu ya kula, swali ambalo kwa mgonjwa wa aina yangu lingepaswa kutangulia mizani. Kufikia mwezi wa nne, chakula kilikuwa kikipoa mezani nikisubiri matone yaanze kufanya kazi. Nilipowaeleza, waliongeza dozi. Kijitabu chao kinajivunia jaribio la dronabinoli, yaani THC iliyotengenezwa maabara, lililofanyika Denmark na kuchapishwa mwaka 2014, bila kusema kwamba lilihusisha wanawake 25 tu, kwa wiki 4 za dawa, na kwamba uzito uliopatikana kuzidi ule wa dawa bandia ya kulinganishia, isiyo na kiambato cha tiba, haukufika kilo 1. Wiki 4 haziwezi kumwambia mtu lolote kuhusu mwezi wa saba.

Kubwa zaidi ni ukimya wao kuhusu kuacha. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, katika toleo la mwaka 2013, unataja kupungua kwa hamu ya kula au uzito miongoni mwa dalili za kuacha bangi, sambamba na kukosa usingizi na hasira za karibu. Mimi sikuambiwa. Siku ya pili bila matone nilisukuma sahani, nikaamini kwamba ugonjwa umerudi, na mkono ukaenda kwenye chupa. Aliyenivusha ni mshauri wangu wa lishe, asiye wa kliniki hiyo, aliyenitaka nile kwa saa, njaa iwepo isiwepo, hadi dalili zilipopungua baada ya wiki mbili hivi.

Natoa nyota mbili kati ya tano, zote za mapokezi.