Mashujaa Mezani, Maadui Kutoka Masimulizini: Tathmini ya Unmatched Adventures: Tales to Amaze

Michezo ya mezani inayowakutanisha mashujaa wenye nguvu za ajabu na maadui waliobuniwa ni mingi, lakini ile inayomfanya adui mwenyewe aonekane kuwa na nia yake ni ya kuhesabika. Mara nyingi adui huwa namba tu inayosubiri kupunguzwa hadi ifike sifuri, na wachezaji humpiga bila hata kukumbuka jina lake. Unmatched Adventures: Tales to Amaze, mchezo uliotolewa na Restoration Games mwaka 2023, ni wa aina nyingine, na kwa sababu hiyo ninaupima kwa swali moja: je, viumbe ambao makazi yao ni masimulizi ya watu wanapata uhai pale wanapowekwa ubaoni kukabiliana na mashujaa? Kwa adui mmoja kati ya wawili waliomo, jibu langu ni ndiyo bila kusita.

Mchezo huu ni wa ushirikiano. Mtu mmoja hadi wanne hukaa upande mmoja wa mapambano, kila mmoja akiwa na shujaa wake, na upande wa pili hauna mchezaji yeyote. Nikola Tesla ndiye shujaa pekee kati ya wanne aliyewahi kuishi, tangu 1856 hadi 1943, naye anapigana kwa koili za umeme zinazochajiwa kadiri mchezo unavyoendelea. Annie Christmas anatoka katika masimulizi ya Louisiana, mwanamke nahodha wa mashua ambaye nguvu za mikono yake zilikuwa gumzo mtoni, na hapa hupiga kwa nguvu zaidi anapokuwa na uhai mdogo kuliko yule anayepigana naye. Jill Trent ni mpelelezi mwanasayansi wa vitabu vya katuni vya Marekani vya miaka ya 1940, anayeandamana na mwenzake Daisy na kutegemea vifaa alivyovibuni mwenyewe.

Wa nne ni Golden Bat, na hapa sina budi kukaa kidogo. Shujaa huyu alizaliwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1930 katika kamishibai, sanaa ya barabarani ambamo msimulizi alizunguka kwa baiskeli akiwa na fremu ya mbao, akawakusanya watoto, kisha akawaonyesha picha moja baada ya nyingine huku akiigiza sauti za wahusika wote. Ana uso wa fuvu na joho kubwa, naye huruka angani na kuwaangusha wahalifu. Superman hakutokea hadi mwaka 1938. Kwa hiyo mtu anayeamini kwamba shujaa wa joho ni uvumbuzi wa wachapishaji wa New York atakuta katika sanduku hili ushahidi wa kinyume, tena uliowekwa mkononi mwake bila mhadhara wowote. Nafurahishwa pia na namna kisanamu chake kinavyosimama ubaoni: mgeni akitazama meza kwa mara ya kwanza, atadhani huyu mwenye fuvu ndiye adui, kumbe ndiye anayeulinda mji.

Ili kueleza jinsi adui anavyopata uhai, ni lazima nianze na kanuni za msingi, ambazo zinatokana na mfululizo wa Unmatched ulioanza mwaka 2019 kama mchezo wa watu wawili kupigana. Mchezaji akipata zamu hufanya matendo mawili: anaweza kuvuta karata na kusogea, kushambulia, au kucheza karata ya hila, yaani ile inayoleta athari yake bila shambulio, na tendo moja linaruhusiwa kurudiwa. Anaposhambulia huweka karata yake kifudifudi, anayeshambuliwa naye huweka yake ya kujikinga akitaka, kisha zote mbili hufunuliwa kwa pamoja. Shambulio la 4 likikutana na kinga ya 2, aliyeshambuliwa hupoteza uhai wa 2, halafu maandishi ya karata huongeza lake: huyu anavuta karata nyingine, yule anasogezwa mbali, au athari ya karata ya mwenzake inafutwa kabisa. Hakuna kete. Bahati imo katika karata unazovuta tu, na kila shujaa ana fungu lake la karata 30 linaloakisi tabia yake.

Katika mapambano ya watu wawili, utamu wote umo katika kusoma uso wa mwenzako na kukisia alichofunika. Tales to Amaze unaondoa uso huo. Adui mkuu na vibaraka wake wana mafungu yao ya karata, na karata ya juu hufunuliwa tu bila mtu yeyote kuichagua, kwa hiyo ujanja wa kumdanganya mpinzani haupo tena. Nilitarajia pengo hilo liuue mchezo, lakini wabunifu wamelijaza kwa karata za zamu. Wahusika wote, mashujaa kwa maadui, wana karata katika fungu moja ambalo huchangwa kila mzunguko, na hakuna ajuaye nani atafuata. Unaweza kumwacha mwenzako akiwa mahututi ukitumaini kwamba zamu yake iko karibu, kisha ikavutwa karata ya adui mkuu, na baada yake karata ya kibaraka aliyesimama mgongoni pake. Au ikatokea kinyume, mashujaa wawili wakafuatana, na mpango uliokuwa ukinong'onwa mezani kwa dakika kadhaa ukatimia wote kabla adui hajageuka. Hofu ya aina hii siipati katika michezo ambayo adui hutenda mwishoni mwa kila raundi kama saa ya ukutani.

Kuna maadui wakuu wawili, na ubora wao haulingani. Aliye bora ni Mothman, kiumbe mwenye mabawa na macho mekundu, ambaye habari zake zilianza kuvuma Novemba 1966 katika mji wa Point Pleasant, West Virginia, kando ya mto Ohio. Katika mchezo huu anayaandama madaraja ya mji huo, na mashujaa hulazimika kuchagua kila wakati kati ya kumfuata yeye na kushughulika na vibaraka wanaowararua. Hapa ndipo adui anapoonekana kuwa na nia. Haji kupigana nawe. Amekuja kwa ajili ya madaraja, na wewe ni kikwazo tu njiani. Mara kadhaa nimewaona wachezaji wakimkimbilia kibaraka aliye karibu kwa sababu ni rahisi kumwangusha, kisha wakainua macho na kukuta kiumbe yule ameshavuka upande wa pili wa ubao, na njia ya kumfikia ni ndefu kuliko hatua walizo nazo.

Mnunuzi anastahili kujua historia iliyo nyuma ya ubao huo. Daraja la Silver Bridge, lililofunguliwa mwaka 1928 na kuiunganisha Point Pleasant na jimbo la Ohio, lilianguka kweli tarehe 15 Desemba 1967 wakati wa msongamano wa magari ya jioni, na watu 46 wakafa. Chanzo kilikuwa ufa mdogo katika chuma kimoja kati ya vyuma vilivyounda mnyororo wa kulibeba daraja. Chuma hicho kilipokatika, hapakuwa na kingine cha kupokea mzigo, na daraja zima likashuka mtoni. Masimulizi ya watu yakaliunganisha tukio hilo na kiumbe aliyekuwa akizungumzwa mwaka mzima kabla yake, na tangu hapo yanasimuliwa pamoja. Ninaona ni chaguo zito kuligeuza jambo hilo kuwa mchezo, na atakayelikuta bila kutarajia anaweza kuguswa vibaya. Hata hivyo, siwezi kukana kwamba uzito huo ndio unaompa Mothman nguvu ambayo hakuna adui wa kubuniwa juzi angeweza kuwa nayo: huyu ni adui ambaye jamii nzima ilimuumba ili kuipa sura huzuni ambayo kipande cha chuma hakikuweza kuibeba, na kumpa shujaa nafasi ya kuyalinda madaraja hayo ni wazo lenye upole ndani yake.

Adui wa pili ni mvamizi kutoka Mirihi, anayetaka kuweka kituo chake katika mji wa McMinnville, Oregon. Mji huo ulijulikana kwa picha mbili za kitu chenye umbo la sahani, ambacho wengine walikidhania kuwa chombo cha viumbe wa anga za mbali, zilizopigwa shambani mwezi Mei 1950. Uvamizi huu unachezeka vizuri na ubao wake ni mpana wa kutosha kuwatawanya mashujaa, lakini mvamizi mwenyewe hana sura ya kukumbukwa. Angeweza kubadilishwa jina akawa jeshi lolote, na mkakati wetu usibadilike.

Vibaraka wameniridhisha kuliko nilivyotegemea. Wamo viumbe wa masimulizi ya mahali mahali nchini Marekani, kama Jersey Devil wa misitu ya New Jersey, Skunk Ape wa Florida na Loveland Frog wa Ohio, wakiwa pamoja na malkia wa siafu na buibui mkubwa wanaokumbusha sinema za kutisha za miaka ya 1950. Kila mmoja ana karata zake, na kubadilisha kibaraka mmoja kunatosha kubadilisha mpango mzima wa timu. Sanduku lisingedumu muda mrefu kabatini kwangu bila wao.

Thamani nyingine kubwa ni kwamba masanduku yote ya Unmatched yanaingiliana. Mwenye sanduku lenye Spider-Man au Doctor Strange, mashujaa wa katuni wa mwaka 1962 na 1963, anaweza kuwapeleka Point Pleasant wakasimame bega kwa bega na Golden Bat. Mwenye sanduku la Cobble & Fog ana Dracula, anayemnyonya aliye jirani naye mwanzoni mwa zamu, na Invisible Man anayepita katika ukungu aliouweka mwenyewe; hao wawili walitoka katika riwaya zilizochapishwa mwaka mmoja, 1897, na wako huru kutumiwa na yeyote kwa sababu hakimiliki zake zimekwisha. Lakini hapa ndipo pana upungufu ninaousikitikia zaidi. Dracula anaweza kuchezwa na mtu dhidi ya Spider-Man, au akajiunga na timu ya mashujaa, ila hawezi kuwa adui mkuu anayejiendesha mwenyewe kama Mothman, maana katika sanduku hili kanuni za namna hiyo wamepewa maadui wake wawili tu na vibaraka wao. Msomaji aliyeota kuona wabaya wa riwaya wakitoka kurasani na kuwazingira mashujaa wa katuni atapata mfumo unaofaa kabisa kwa ndoto hiyo, bila maadui aliokuwa akiwatamani.

Upungufu mwingine ni wa uendeshaji. Idadi ya vibaraka hufuata idadi ya wachezaji, kwa hiyo meza ya watu wanne ina karata nyingi za zamu, na anayetolewa mapema katika mzunguko mmoja kisha akachelewa katika unaofuata hukaa muda mrefu bila la kufanya. Kuwasogeza maadui ni kazi ya wachezaji wenyewe, na njia mbili zinapolingana kwa urefu mjadala huanza juu ya ipi ifuatwe. Maandishi ya karata ni ya Kiingereza na hayakwepeki, kwa kuwa karata mbili zenye namba sawa zaweza kutofautiana kabisa kwa sentensi iliyo chini yake. Mtoto au mgeni wa lugha hiyo atahitaji mtu wa kumsomea, jambo linalowezekana kwa sababu wote mko upande mmoja na hakuna siri ya kumficha.

Kwa anayeanza, ningeshauri wachezaji wawili, ubao wa Point Pleasant, Tesla na Annie Christmas. Karata za Annie hazina mafumbo na zinamfundisha mtu kustahimili mapigo badala ya kukimbia, ilhali koili za Tesla zinamlazimisha mwenzake kupanga hatua mbili mbele. Golden Bat na Jill Trent wangoje hadi muizoee tabia ya karata za zamu, na mvamizi wa Mirihi angoje hadi Mothman ameshawashinda angalau mara moja.