Picha za Ukutani za Majengo ya Kimodanisti: Ipi Ununue Kwanza

Majengo ya kimodanisti, yaani yale ya karne ya 20 yaliyoacha nakshi na kutegemea zege, kioo, mistari iliyonyooka na kivuli, yamekuwa mapambo ya kuta za watu wengi, na anayetafuta picha zake madukani hukuta aina nyingi zinazofanana kwa mbali lakini zisizolingana hata kidogo kwa uimara. Nimezipanga hapa kwa kujiuliza mambo mawili: je, picha inaonyesha jinsi mwanga unavyoliangukia jengo, na je, itaendelea kuonyesha hivyo baada ya masika matano katika nyumba ya Dar es Salaam au Mombasa? Bei nimeiweka nyuma ya hayo, kwa sababu picha inayoharibika mapema hununuliwa mara mbili.

Nafasi ya kwanza naipa picha ya kamera ya rangi nyeusi na nyeupe, iliyochapwa kwa wino wa pigmenti (wenye chembe za rangi zisizoyeyuka) juu ya karatasi ya pamba isiyo na asidi. Jengo lisilo na nakshi huwa halina pambo jingine ila kivuli chake, na rangi za anga na magari mara nyingi hukifunika kivuli hicho. Tazama KICC, jengo la mikutano la Nairobi, lililosanifiwa na Karl Henrik Nøstvik pamoja na David Mutiso na kukamilika mwaka 1973: picha ya rangi hukuonyesha anga la buluu, ilhali ya nyeusi na nyeupe hukuonyesha mnara na ukumbi wenye umbo la pia vikikabiliana. Huko Los Angeles, nyumba ya kioo iliyosanifiwa na Pierre Koenig na kuitwa Case Study House namba 22 ilijulikana duniani kwa picha ya Julius Shulman ya mwaka 1960, ambamo wanawake wawili wameketi ndani huku taa za jiji zikitandaa chini yao. Wengi wetu hatutalikanyaga jengo lile, na picha ndiyo nyumba tuliyo nayo.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji faili lina ukubwa gani. Picha ya ukubwa wa A2, kwa nukta 300 kwa inchi, huhitaji takriban pikseli 4961 kwa 7016, na faili dogo lililokuzwa kwa nguvu litafifisha kingo za zege, ambazo ndizo ulizozinunua. Muulize pia kuhusu wino, kwa kuwa wino wa kawaida unaoyeyuka katika maji hupauka upesi zaidi kwenye mwanga kuliko ule wa pigmenti.

Nafasi ya pili ni ya uchapaji wa skrini, ambao kila rangi hupitishwa kwenye fremu yake ya kitambaa na kukaa juu ya karatasi kama tabaka nzito. Njia hii hupoteza vivuli laini, lakini huyafaa mno majengo yenye umbo la kukumbukwa mara moja, kama nguzo za msanifu Oscar Niemeyer huko Brasília, mji mkuu wa Brazili, au miavuli ya zege ya Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, aliyoisanifu Beda Amuli katika miaka ya 1970. Baada ya moto ulioliunguza soko hilo Julai 2021, mimi naona picha yake ina uzito kuliko picha yoyote ya mji wa mbali. Ukiona 12/50 imeandikwa kwa penseli pambizoni, maana yake ni nakala ya 12 kati ya 50. Katika chumba chenye mwanga hafifu ningeipandisha aina hii hadi nafasi ya kwanza.

Ya tatu ni michoro na ramani za majengo. Zile za buluu zilizochapwa kwa mbinu aliyoivumbua John Herschel mwaka 1842 zinapendeza sana, ila buluu yake hufifia juani na huharibiwa na alkali, kwa hiyo mwambie fundi fremu asitumie kadibodi yenye chokaa. Michoro ya Le Corbusier, msanifu wa kimodanisti aliyefariki mwaka 1965, husimamiwa na wakfu wake ulioko Paris. Nakala isiyotaja kibali ni afadhali uiache.

Kanvasi iliyovutwa juu ya mbao naiweka ya nne: haihitaji kioo, lakini hulegea wakati wa unyevu, na nyuzi zake huvunjavunja mistari iliyopaswa kunyooka. Ya mwisho kabisa ni picha iliyobandikwa juu ya ubao wa MDF, yaani nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Niliwahi kununua moja, na masika ya kwanza tu kingo zake zilivimba, karatasi ikabanduka pembeni, na muuzaji akakataa kuipokea.

Kuhusu fremu, sharti moja lisikuponyoke: kioo kisiguse karatasi, kwa kuwa unyevu huigandisha picha kwenye kioo na kuibandua bila kuichana huwa vigumu. Epuka ukuta unaopigwa na jua la alasiri, kisha tundika picha ili kitovu chake kiwe kati ya sentimita 145 na 150 kutoka sakafuni, au shusha kidogo ikiwa chumba ni cha kuketi tu.