Tabora hadi Kigoma kwa kuzungukia Mpanda, gari la kukodi: dereva safi, gari mmh

Nawapa nyota tatu. Ingekuwa dereva peke yake angepata tano na chai juu, ila ofisi imemwangusha na nitaeleza kwanini.

Tulikuwa wanne, tukakodi Land Cruiser mkonga na dereva hapa Tabora mjini, jina la ofisi nalibana sitaki kesi. Walitutangazia "safari ya mandhari" na karatasi ina ramani nzuri kweli, sasa kumbe ukiwauliza njia ipi ina nini hawajui, dada wa kaunta ananiambia zote nzuri tu chagueni. Zote nzuri ndo jibu gani hilo jamani? Aliyetusaidia ni mzee mwenyewe aliyekuja kutuendesha, akaweka kikombe cha chai chini akasema wanangu, mnataka kufika au mnataka kuona?

Maana kama unataka kufika, unanyoosha Urambo, Kaliua, unavuka Malagarasi pale daraja la Kikwete, Uvinza, umeingia Kigoma, zaidi ya kilomita 400 hivi na unalala mwisho wa reli siku hiyohiyo. Sio mbaya, pale Malagarasi pana bonde la maji na majani mpaka macho yanachoka, ila huko kwingine ni mashamba ya tumbaku na mabani ya kukaushia, na mtu wa Tabora hayo ameyaona tangu anazaliwa. Ukienda kipindi cha mvua, kuanzia Novemba mpaka Aprili, mzee anasema usijifanye mjanja, pita hiyohiyo au zungukia juu Nzega, Kahama, Nyakanazi ushuke Kibondo na Kasulu, huko ni milima na migomba ila ni mbali sana. Sisi tulikuwa mwezi wa saba, kukavu, tukasema tuone.

Basi tukashika Sikonge. Lami tupu mpaka Mpanda, kilomita kama 340, na msitu wa miombo pande zote mbili, unaendesha saa nzima hujaona nyumba. Ukitazama vizuri juu ya miti unaona mizinga ya magogo imening'inizwa, ya gome pia ipo, na Inyonga tulinunua asali nyeusi nzito ile ya kunata kwenye kijiko, dumu la lita tano, mwenzetu mmoja alikula mpaka akaumwa tumbo. Mpanda tukalala. Asubuhi mzee akatupeleka Sitalike bila kuongeza hela, ni karibu tu, pale darajani mto Katuma kiangazi unakuwa umekauka umebaki tope na viboko wamejazana kama magunia ya mkaa, harufu yake sasa! Hujalipia hata geti la hifadhi ya Katavi unawaona hao hapo.

Halafu ndo ikaja Mpanda kwenda Uvinza, karibu kilomita 200, na hapa ndo utamu na ndo kilio. Mwanzo lami kidogo, afu tulipopita sisi ikawa changarawe na vumbi jekundu, vilima, unapanda unashuka, msitu mnene na hewa imebadilika kabisa. Mimi kwangu hiki ndo kipande kizuri kuliko vyote, ningelipia hiki tu. Ila AC ya gari haifanyi kazi (waliandika inafanya), ukifungua dirisha ndorobo wanaingia, ukifunga mnaiva. Na wanapenda rangi ya bluu na nyeusi hao, mimi nilivaa jinzi, nisiongee mengi.

Mbele ya Mishamo tairi la nyuma likapasuka. Mzee akashusha tairi la spea, akalibonyeza kwa gumba, kidole kikazama. Halina upepo! Akaligeuza tukaona na waya zimetokeza pembeni. Jeki nayo fupi, haifiki, ikabidi akate kigogo aweke chini yake, sisi tunapunga matawi kufukuza ndorobo kwenye shingo yake maana mikono yake yote ina kazi. Tukakaa saa mbili na nusu mpaka likapita lori la mahindi lina pampu. Mzee hakutukana hata mara moja, alisema tu "niliwaambia wiki iliyopita," basi.

Uvinza tukasimama kununua chumvi, kule kuna chemchemi za maji ya chumvi watu wamechemsha tangu enzi na enzi, na kuanzia hapo ni lami tena. Kigoma tumeingia usiku. Kesho yake tukala mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, na ugali wa muhogo, mawese mpaka viwikoni, tukaenda Ujiji pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, jumba la makumbusho dogo ila wanaeleza vizuri. Raha nyingine ni salamu, Tabora umeaga kwa mwangaluka ya Kinyamwezi, huku unaamkiwa mwakeye ya Kiha.

Gombe, ile hifadhi ya sokwe, msiiweke kwenye ratiba ya gari, hakuna barabara, ni boti kutokea Kibirizi. Karatasi ya ofisi ilichora mstari mpaka huko kama vile gari linaogelea.

Kurudi tukanyoosha Kaliua maana siku zimeisha. Bei ilikuwa laki mbili na nusu kwa siku, wese juu yetu. Nilidai warudishe ya siku moja kwa ajili ya lile tairi, wakaniambia barabara ile ndivyo ilivyo, utafikiri barabara ndo iliyokula upepo wa spea. Mwakani nataka kwenda tena na mzee yuleyule, nimeshamwambia, ila nitalibonyeza tairi mwenyewe kabla sijatoa hata shilingi.