Kioo cha kukuzia mara 10 mbele ya ukucha wa Napak

Kioo hiki nilikinunua Kampala kwa shilingi 35,000, baada ya jirani yangu, mzee anayependa kuokota mawe, kuniletea ukucha mdogo wa kisukuku (mabaki ya kiumbe wa kale yaliyogeuka jiwe) kutoka miteremko ya mlima Napak, Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda. Kwa macho matupu ulifanana na mwiba wa jiwe. Chini ya kioo ulionekana mfereji mwembamba kila ubavu, na kwenye shina kishimo laini cha kiungo chenye kituta chembamba katikati, alama zilizonihakikishia kwamba huu ni mfupa wa ncha ya kidole wala si jino, ambalo lingeonyesha enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, inayong'aa. Dhana ya dinosaria tuliiacha mapema, maana mawe ya Napak yana umri wa takriban miaka milioni 20, ilhali dinosaria walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Kwa jinsi ulivyopinda na kubanwa ubavuni, namdhania mla nyama mdogo.

Lenzi ni safi hadi pembeni. Skrubu ya mkono wake, hata hivyo, ililegea wiki ya pili, nami nikaikaza mwenyewe. Ukucha wenyewe, pamoja na maelezo ya mahali ulipookotwa, tunaupeleka Makumbusho ya Uganda, Kampala.