Mutt na fomu za wageni: uzoefu wangu wa kufowadi barua bila kipanya

Ofisini kwetu, karibu na mnara wa saa hapa Moshi, tunapandisha wageni Mlima Kilimanjaro, na kazi yangu ukiitazama vizuri ni moja tu: barua pepe ya mgeni inaingia, naifowadi. Fomu ya afya inakwenda kwa kiongozi wa msafara, orodha ya vyakula kwa mpishi, tiketi ya ndege kwa dereva anayekwenda uwanja wa ndege wa KIA. Julai na Agosti ndiyo usiseme.

Laptopu niliyoikuta pale ina ramu ya GB 2. Kufungua barua kwenye brauza ulikuwa unabonyeza, unakwenda kuchukua chai, unarudi kiduara bado kinazunguka. Mdogo wangu anayesoma kompyuta ndiye aliyeniwekea Mutt, programu ya barua pepe inayoendeshwa kwa kibodi tu. Aliandika sudo apt install mutt, akatengeneza ile nywila ya programu ya Gmail yenye herufi 16, akaijaza kwenye faili la mipangilio linaloitwa .muttrc, akaenda zake kula machalari. Kioo cheusi, maandishi meupe, hakuna hata kitufe kimoja cha kubofya. Nilidhani ananitania.

Programu yenyewe si ya jana. Michael Elkins aliianza mwaka 1995, na kaulimbiu yake inasema programu zote za barua ni mbovu, ila hii ubovu wake umepungua. Nilicheka siku ya kwanza. Wiki ya pili sikucheka.

Kufowadi ni hivi. Unasimama juu ya barua, unabonyeza f, inakuuliza inakwenda kwa nani, inakuonyesha kichwa cha barua, inakufungulia mahali pa kuandika neno lako juu ya maneno ya mgeni. Ukimaliza, y. Imekwenda. Vidole vikishazoea, barua moja haifikishi nusu dakika. Zikiwa kumi za mtu mmoja, naziwekea alama moja moja kwa t, kisha ;f, zinaondoka pamoja.

Sasa hiyo wiki ya pili. Kiongozi wetu yuko lango la Machame, wagumu, yaani wapagazi, wameshapimiwa mizigo, ananipigia simu: "Dada, barua nimeiona, fomu haimo." Nikamwambia ashuke chini. "Dada, nimeshuka mpaka mwisho, hamna kitu." Nikafungua nilichotuma. Maneno ya mgeni yote yapo, PDF ya afya haipo. Na mgeni mwenyewe karanga zinamdhuru, wakati mpishi keshapakia kopo zima la siagi ya karanga. Lilibaki langoni, bahati yetu simu ilikuwa inashika.

Uzembe ulikuwa wangu, sikusoma maelekezo. Toleo lililokuwa kwenye laptopu ile ni la zamani, na ukiliacha lilivyo, f hubeba maandishi tu na viambatisho inaviacha. Matoleo mapya yana mpangilio wa forward_attachments, yanakuuliza kwanza. Kwangu dawa ilikuwa mstari mmoja ndani ya .muttrc: set mime_forward=ask-yes. Tangu hapo kila nikifowadi inaniuliza kama barua iende nzima kama kiambatisho, na ikienda nzima kila kitu kimo. Tatizo ni kwamba kuna simu zinazoipokea kama faili la .eml, na mwenye simu hajui alifungue na nini. Mpishi wetu ni mmoja wao. Yeye namwendea kwa njia ndefu: v ili nione vipande vya barua, t kwenye maandishi, t kwenye PDF, halafu ;f.

Ila kabla sijaujua mstari huo nilijiona mjanja, maana nilikuwa nimegundua b. Hii inairusha barua ilivyo, viambatisho vyote, haijaguswa. Hata jina la mtumaji linabaki la mgeni. Langu linakaa kwenye Resent-From, mahali ambapo hakuna anayepasoma. Nikamrushia kiongozi fomu ya mzee mmoja wa Ujerumani, miaka 71. Kiongozi akajibu papo hapo, akijua ananijibu mimi: "Dada huyu mzee atatufia kambi ya Barafu, mwambie achukue njia ya Marangu akalale kwenye vibanda."

Jibu likaenda moja kwa moja kwa mzee.

Asubuhi nakuta barua yake. Ameipitisha kwenye mashine ya kutafsiri, anauliza kwa adabu zote huko Barafu kuna nini. Nilimwandikia kurasa mbili kuhusu hewa nyepesi ya juu ya mita 4,600. Alipanda Machame siku saba, akafika Stella Point, kule ukingoni mwa kreta, akashuka kwa miguu yake mwenyewe. Kiongozi mpaka leo akipokea barua yangu hunipigia kwanza kuuliza, "Hii ni yako kweli?"

Kwa hiyo b siiachi, lakini ina mahali pake: ankara na risiti, ambazo nataka mhasibu amjibu mwenyewe aliyeandika. Fomu ya kwenda mlimani ni f.

Malalamiko yangu mengine ni madogo. Barua zenye rangi na picha zinakuja kama vurugu mpaka uweke w3m, brauza ya maandishi tu, na mstari wa auto_view text/html. Herufi kubwa na ndogo ni amri tofauti, utajifunza kwa machungu. Na ukituma kwa mstari mmoja, mfano mutt -s "Ratiba ya kesho" -a ratiba.pdf -- kisha anwani, usisahau vile vistari viwili, la sivyo inadhani anwani ni faili jingine la kuambatisha. Nikiwa kwenye daladala ya Kiboriloni natumia simu kama binadamu wengine.

Umeme ukikatika katikati ya msimu ndipo naipenda zaidi. Barua zinashushwa kwenye laptopu na mbsync, nasoma bila intaneti, jibu lisilokamilika naliweka kiporo kwa P, na bando halikatwi na matangazo.

Nyota nne. Bosi ameahidi laptopu mpya kabla ya Juni. Faili la .muttrc nimeshalinakili kwenye fleshi.